Nani Kaunywa Mto Ruaha?

Basi likitoka Makambako kuelekea Mbeya, barabara inateremka, sweta zinavuliwa, na upande wa kulia nchi inalala bapa mpaka jicho linachoka kuifuata. Hiyo ndiyo Usangu, wilaya ya Mbarali. Ukifika Igawa unauziwa mchele dirishani kabla dereva hajaweka breki ya mkono. Anayeununua huuliza bei na harufu yake, haulizi umenywa maji ya nani.

Mto wenyewe ni Ruaha Mkuu. Unazaliwa kwenye milima ya kusini, Kipengere na Uporoto, unakusanya wenzake akina Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, unaingia ardhioevu ya Ihefu, unatokea Ng'iriama, unapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unafika bwawa la umeme la Mtera, kisha la Kidatu, na mwisho unajimwaga Rufiji. Kiangazi cha mwaka 1993 ulikatika ndani ya hifadhi. Tangu hapo kukatika kumekuwa mazoea. Viboko hubanana kwenye madimbwi ya tope kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni.

Na tangu hapo linaulizwa swali moja: nani kaunywa? Mwaka 2006 Serikali ilijibu kwamba ni wafugaji, na ikawahamisha pamoja na ng'ombe wao.

Hawa wanne mtakaowasikia hawajawahi kukaa meza moja. Nimewaketisha mimi, kwenye karatasi, katika kibanda cha mama lishe pale Igawa, mwezi wa kumi, jua likiwa kali. Hoja za namna hii nimezizoea zikitolewa moja moja, kila mtu akiwa kwao, na kila mara natamani mwenzake angekuwapo ajibu. Majina sikuwapa. Yupo Mwalimu mstaafu wa jiografia. Yupo Mkulima ambaye majaruba yake yako hatua chache kutoka kwenye banio linaloingiza maji mferejini. Yupo Mfugaji, Msukuma mtu mzima, aliyekuja kumwona binti yake aliyeolewa Ubaruku. Na yupo Mama, ambaye hulima mpunga kwenye ekari za kukodi, mwisho kabisa wa mfereji.

Mwalimu: Tuanze na hesabu, maana hesabu haina mjomba. Sensa ya 1967 ilikuta nchi hii ina watu milioni 12 na kidogo. Sensa ya Agosti 2022 ikakuta milioni 61.7. Tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka, na kwa mwendo huo tunakuwa maradufu kila miaka 22 hivi. Mbarali peke yake ilikuwa na laki mbili na ushei mwaka 2002, laki tatu mwaka 2012, na safari hii tumeshapita laki nne. Mto haujaongezeka hata ndoo moja. Na si kwamba wote wamezaliwa hapa. Wamekuja. Reli ya TAZARA imewaleta, lami imewaleta, mpunga umewaleta. Hata mimi nimekuja.

Mkulima: Kila mtu hapa amekuja, mwalimu. Mimi Mbena. Wanyakyusa wamekuja, Wahehe wamekuja, Wakinga na maduka yao wamekuja. Hata kilimo cha mpunga wa mifereji tulijifunza kwa Wabaluchi wa Rujewa, na hao asili yao ni ng'ambo ya bahari. Wasangu wenyewe, enzi za chifu Merere, walikuwa watu wa ng'ombe.

Mfugaji: Kumbe! Basi mwenye ng'ombe hapa si mgeni peke yake.

Mkulima: Sikusema hivyo, mzee wangu. Nasema ng'ombe wenu walizidi. Ng'ombe hanywi tu, anakanyaga. Anaing'oa Ihefu kwa kwato. Na usiku mlikuwa mnaingiza mifugo kwenye mpunga wa watu, asubuhi mtu anakuta jaruba limekuwa uwanja wa mpira. Hilo usilikatae.

Mfugaji: Silikatai. Wapo vijana wetu waliofanya hivyo, na faini tulilipa, nyingine na risiti hatukupewa. Lakini nikuulize jambo moja. Sisi tulitangaziwa mwaka 2006 kwamba tuondoke, twende Lindi. Lindi mimi nilikuwa naisikia redioni. Ng'ombe wakapakiwa kwenye malori, ndama wakakanyagwa humo humo. Kule tukakuta mbung'o, malambo hakuna, na wenyeji wanatuangalia kama nzige waliotua. Nusu ya zizi langu iliishia huko. Mdogo wangu hakufuata malori, alikwenda Kilombero. Mwaka 2012 ikapita operesheni nyingine Kilombero, naye akafukuzwa. Sasa tuko Rufiji wote wawili, na huko nako tumeshaanza kuitwa wavamizi. Sawa. Tuliondoka. Je, mwalimu, mto umerudi?

Mwalimu akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

Haujarudi, na mimi nayasema haya nikiwa nje ya meza. Ng'ombe walipungua, Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008, na kiangazi mto umeendelea kukatika. Hapo ndipo hesabu ya vichwa inapokosa pumzi. Tufanye hesabu nyingine, ya maji. Chukua ng'ombe laki mbili, mpe kila mmoja lita 40 kwa siku, wala usimbanie. Hizo ni lita milioni 8. Zigawe kwa sekunde zote za siku nzima, unapata lita 93 hivi kwa sekunde. Banio moja kubwa la Usangu lina kibali cha kuchukua lita elfu kadhaa kwa sekunde hiyo hiyo. Kwato nazo zina madhara yake, Mkulima hakusema uongo, lakini kwato hazimezi mto.

Mwaka ule wa 2006 kulikuwa na jambo jingine. Dar es Salaam ilikuwa gizani. Ukame ulikuwa umeishusha Mtera, mgawo wa umeme ulikuwa mkali, jenereta zinanguruma kila mtaa, na mkubwa yeyote angependa kuonekana anafanya kitu. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Kile kijito cha kiangazi kinachopiganiwa Usangu mchango wake kwa bwawa ni mdogo mno, na wapo wataalamu waliokwisha kuonesha kwamba hata namna mabwawa yale yalivyokuwa yakifunguliwa na kufungwa ilikuwa na sehemu yake katika upungufu. Lakini bwawa huwezi kulipakia kwenye lori. Banio la zege nalo huwezi. Mwenye miguu ndiye huhamishwa, na nadhani ndiyo sababu aghalabu yeye ndiye hukutwa na hatia.

Mama: Mimi naona mnamzungumzia mzee huyu wakati ugomvi wangu uko na huyu kijana wa juu. Kaka yangu, banio lako nalikumbuka lilivyokuwa.

Mkulima: Lipi, dada?

Mama: Lile la zamani. La miti na mawe na majani na udongo. Mvua ikija kubwa linakwenda na maji, tunapigiwa mbiu, tunatoka wote juu na chini kulijenga upya. Lilikuwa linavuja kila mahali. Ninyi mlikuwa mnalilaani, sisi huku chini tulikuwa tunaishi kwa huo uvujaji.

Niombe msomaji asimame hapa nami kidogo, maana ndiyo sehemu ya habari hii isiyoimbwa. Miaka ya 1990 ilikuja miradi, mingine kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ya kuboresha umwagiliaji. Mabanio ya miti yakavunjwa, yakajengwa ya zege yenye lango la chuma linalopandishwa na kushushwa kwa kusokota. Nia ilikuwa njema: mkulima asipoteze wiki kila mwaka akijenga ukuta wa majani, na maji yapimwe. Yalipimwa kweli. Ila banio la miti, hata ulipende vipi, haliwezi kuuzuia mto wote, litavuja tu na jirani atapata. La zege linaweza. Ukilisokota barabara siku mto ulipopungua, unaugeuza mto mzima uingie kwenye mfereji wako, na chini hubaki mawe na mchanga. Wataalamu walikuja kuboresha kilimo, wakamwachia mtu wa juu silaha ambayo babu yake hakuwa nayo.

Mkulima: Silaha! Tumelipia, dada. Chama chetu kina haki ya maji, imeandikwa, ina lita zake kwa sekunde, na ada tunapeleka. Risiti ninazo nyumbani. Mtu aliyelipia kitu hutamwambia asikitumie.

Mama: Hizo lita ziliandikwa masika au kiangazi?

Mkulima: Zimeandikwa lita.

Mama: Ndiyo nauliza. Masika, lita zako ukizichukua mto haujui kama umeguswa. Mwezi wa kumi lita zako ndiyo mto. Kwa hiyo umelipia mto?

Mwalimu: Hapo amekushika.

Mkulima: Hajanishika. Kama sheria ni mbaya aulizwe aliyeitunga. Kwani ninyi mnafikiri mimi sijaguswa? Wakati wa kuhamisha wafugaji tulipiga makofi, nakiri, tulidhani majani yatakuwa yetu. Ramani ya 2008 ikatoka, mpaka wa hifadhi umeingia mpaka vijijini. Mwaka 2022 vikatajwa vijiji vya kuondoka, na waliotajwa safari hii ni wakulima. Mimi nina shemeji katika kijiji kimojawapo. Alinipigia simu akaniuliza, hivi Lindi ni mbali?

Mfugaji hakucheka. Alisogeza sahani yake, akamsukumia Mkulima kipande cha chapati.

Mwalimu: Nimewasikiliza wote. Mnagawana lawama vizuri kuliko mnavyogawana maji. Lakini hamjajibu. Tuseme leo tumekuwa waadilifu, kila mmoja amepata sehemu yake. Baada ya miaka 22 watu ni mara mbili. Hiyo sehemu inakuwa nusu, baadaye robo. Haki ya kugawana upungufu ni haki gani? Lazima tuzungumze uzazi. Mama, usinielewe vibaya, wewe una watoto wangapi?

Mama: Watano, mwalimu. Na wewe?

Mwalimu: Saba. Ilikuwa zamani.

Mama: Mpunga unajua kazi ya kuamia ndege? Kwelea kwelea wakitua unasimama kwenye kichanja tangu alfajiri mpaka giza, unapiga debe, unarusha manati, sauti inakauka. Ekari mbili zinataka watu wawili wasiochoka. Mimi sina pesa ya kibarua. Nilikuwa na watoto. Sasa watu wazuri wanakuja na mabango wananiambia nizae wachache. Nasema sawa, lakini nani ataniamia? Na mimi napata maji mwisho, napandikiza mwisho, kwa hiyo mpunga wangu unaiva mwisho, wakati wenzangu wote wameshavuna. Ndege wa Usangu nzima wanahamia kwangu. Halafu wanunuzi nao wamekwisha kushiba, wananipa bei ya huruma na gunia la lumbesa juu yake. Mnaona lilivyofungana? Nipe maji mwezi wa kumi na mbili kama wenzangu, nilime msimu wa bei, niajiri kijana wa kuamia. Binti yangu mdogo atabaki shule, na akibaki shule hatazaa watano. Hilo silikisii, nimeliona kwa mkubwa wake.

Sidhani kuna ripoti iliyolisema kwa ufupi hivyo. Takwimu za afya ya uzazi za mwaka 2022 zinamuunga mkono: mwanamke wa Tanzania kwa wastani huzaa watoto 4.8, kutoka zaidi ya sita mwanzoni mwa miaka ya 1990, ila vijijini ni 5.5 na mijini 3.6. Pengo hilo halikuletwa na mabango. Hata hivyo Mwalimu naye siwezi kumpuuza. Mgawo wa haki wa kitu kinachozidi kusinyaa unamwacha kila mtu na kidogo, na anayesema idadi ya watu si hoja kabisa hajawahi kupanga foleni kisimani. Ninachobishana naye ni mfuatano. Kila mara tunaanza na vichwa, na tukishaanza na vichwa tunawakuta wageni na wazazi wa kike, kisha tunaridhika, hatufiki kwenye lango la chuma.

Mwalimu: Na hao wakubwa wako, wako wapi?

Mama: Wawili Dar es Salaam, mmoja Tunduma mpakani.

Mwalimu: Basi hao wameuondokea mto. Pengine ndiyo dawa, watu waende mijini.

Mama: Mmoja wa hao wa Dar hunipigia kila baada ya mavuno nimtumie gunia. Ametoka mtoni, hajatoka kwenye mchele. Na umeme anawasha.

Kuna mchezo uliochezwa na wakulima wa Usangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliubuni Bruce Lankford, mtaalamu wa umwagiliaji kutoka Uingereza. Unachukua ubao ulioinamishwa, unamwaga gololi juu yake: gololi ndiyo maji, vijiti ndiyo mabanio, vitundu ndiyo mashamba. Ubao huo hatukuwa nao. Lakini mama lishe alikuwa na sinia kubwa la bati, vijiti vya mishikaki na donge la unga wa chapati, na mwanawe alikuwa na gololi thelathini ndani ya soksi. Tukavibandika vijiti kwa unga, Mkulima juu, Mama chini, na mabakuli mawili pembeni.

Masika: Mwalimu akamwaga gololi zote mara moja. Zikagonga, zikaruka, bakuli la Mkulima likajaa, la Mama nalo likapata kumi na mbili, na nyingine zikaenda mpaka ukingoni, yaani Mtera. Wote wakafurahi. Kiangazi: gololi sita, taratibu. Kijiti cha kwanza kikazipokea zote sita, moja baada ya nyingine, bila haraka. Bakuli la Mama likabaki na unga tu.

Mkulima akatazama kile kijiti muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akakivunja nusu. Tukamwaga tena: nne zake, mbili za Mama.

Mwalimu: Ngojeni. Hawa hapa ni watoto wenu. (Akabandika vijiti vingine vitano katikati ya sinia.) Mwaga sasa.

Zikamwagwa sita. Mkulima mbili, vijiti vya watoto vikagombania zilizobaki, Mama sifuri, Mtera sifuri. Mwalimu akajiegemeza kwenye kiti kama mtu aliyefunga goli, na kweli alikuwa amefunga.

Mfugaji: Na mimi kijiti changu mmebandika wapi?

Tukatazamana. Hakuwa nacho. Ng'ombe hana banio, anainama tu anakunywa. Mzee akanyoosha mkono, akachukua gololi moja juu kabisa ya sinia, akaionesha kwa vidole viwili.

Mfugaji: Hii. Ndiyo niliyopelekewa Lindi.

Mama: Basi tuache sinia. Kaka yangu, majaruba yako yamevunwa tangu mwezi wa sita. Leo ni mwezi wa kumi. Huu mfereji unaopita nyuma ya kibanda umejaa maji. Yanakwenda wapi?

Tuligeuka sote. Maji yalikuwa yanapita kweli, safi, bila haraka. Bata watatu walikuwa ndani. Mtu alikuwa ameyatega kidogo pembeni anafyatua tofali. Mbele zaidi yalimwagikia kwenye shamba tupu na kutengeneza ziwa dogo la mbu.

Mkulima: Tukayafunge nusu, basi. Hata leo.

Mama lishe: Myafunge nini? Na mimi vyombo nitaosha kwa nini? Kijiji kizima kinachota hapo. Bomba lenu liko wapi?

Yeye hakuwa kwenye orodha yangu ya wasemaji, lakini alichosema ndicho walichokikuta watafiti walioufuatilia mfereji kama huu kiangazi chote: sehemu kubwa ya mto huvutwa kilomita kadhaa ili kaya zipate ndoo chache za kupikia na kuoshea, na maji mengine yote huzama ardhini na kupaa angani njiani. Visima kadhaa vya pampu vingewarudishia viboko maji mengi kuliko malori yote ya 2006. Kuchimba kisima hakuhitaji operesheni, wala hakuna mkubwa anayeonekana ushujaa wake kwenye taarifa ya habari akikizindua.

Mwalimu: Tuyafunge robo, basi, yabaki ya ndoo.

Mkulima: Robo inawezekana. Ila lango lina kofuli, na ufunguo hauko kwangu. Anao mwenyekiti wa maji.

Mama: Yuko wapi?

Mkulima: Chimala, msibani. Atarudi Jumatatu.

Mtoto wa mama lishe alikuwa ameshaanza kukusanya gololi zake, anazihesabu kwa sauti akizitia kwenye soksi. Akafika ishirini na tisa, akatazama chini ya meza, akatazama kwenye sinia, akaanza upya. Ishirini na tisa. Mzee akajipapasa mfuko wa koti, akaitoa.